Mita ya leza haina upendeleo, ila tukubaliane inaanzia wapi

Na Mwandishi Wetu wa Kanda, Rubavu

Katika sekta ya Busasamana, wilayani Rubavu, mita moja si jambo dogo. Mashamba ya viazi yanapanda vilima vya udongo mweusi wa volkano mpaka kwenye mstari wa nchi, na upande wa pili mashamba mengine yanaendelea ndani ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kuelekea Kibumba. Mgeni anaweza kusimama shambani asijue yuko nchi ipi.

Mstari huo ulichorwa na watu wa mbali. Mwaka 1910, Ubelgiji, Ujerumani na Uingereza zilikutana Brussels kugawana eneo la Ziwa Kivu na milima ya volkano, na mwaka uliofuata wapimaji wao wakaja kusimika nguzo za mpaka. Zaidi ya miaka 100 baadaye, Juni 2014, majeshi ya Rwanda na Kongo yalirushiana risasi kwenye kilima cha Kanyesheja, kati ya Busasamana na Kibumba, na watu wakafa. Kila upande ulisema kilima kiko kwake. Wataalamu wa Mkutano wa Kimataifa wa Kanda ya Maziwa Makuu waliitwa kuchunguza, na mazungumzo yakarudi palepale: kwenye nguzo za mwaka 1911.

Hakuna kifaa, hata kiwe cha kisasa kiasi gani, kinachoweza kumaliza ubishi wa namna hiyo peke yake. Kifaa hutaja umbali kutoka hapa hadi pale. Kuamua "hapa" ni wapi ni kazi ya watu.

Somo hilo la wakubwa linamhusu pia mfanyabiashara anayevuka Petite Barrière au Kabuhanga akiwa na mbao, vioo, mabati au oda ya mchanga. Kifaa kidogo kinachoenea mkononi, chenye nukta nyekundu na kioo cha tarakimu, kinachukua nafasi ya tepu ya chuma. Mafundi wengi hukiita mita ya leza. Kinapima chumba kwa sekunde chache, na mtu mmoja anaweza kufanya kazi iliyohitaji wawili. Lakini kikishikwa vibaya kinadanganya kwa sauti ya uhakika, na hasara inamwangukia yule asiyejua kukisoma.

Kinavyofanya kazi

Mita ya leza hutuma mwanga mwembamba, mwanga unagonga ukuta au ubao, kisha sehemu yake inarudi kwenye jicho dogo lililo mbele ya kifaa. Kwa kuwa mwendo wa mwanga unajulikana, kifaa kinapiga hesabu ya umbali. Mwanga huenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo kwenda mita moja na kurudi huuchukua chini ya sehemu saba za bilioni moja ya sekunde. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kupima muda huo. Ndiyo maana kazi yote inafanywa na saketi za ndani.

Mita yenyewe siku hizi inafafanuliwa kwa mwanga. Tangu 1983, mataifa yamekubaliana kwamba mita moja ni umbali ambao mwanga hupita katika sehemu 1 ya 299,792,458 ya sekunde, mahali pasipo na hewa. Kwa hiyo mita ya Kigali, ya Goma, ya Kampala na ya Mwanza ni ileile. Ubishi wetu sokoni hautoki kwenye mita. Unatoka kwenye mkono unaopima.

Vipo vya aina tatu, usivichanganye

Cha kwanza ni mita ya leza ya ujenzi. Hutoa nukta nyekundu inayoonekana, na vingi hupima kuanzia sentimita chache hadi mita 30, 40 au 50, vikitofautiana na ukweli kwa milimita mbili au tatu tu katika hali nzuri. Hiki ndicho kinachofaa kupima ghala, bodi la lori, dirisha la kioo au urefu wa mbao. Vya kwanza vya kushika mkononi vilitoka mwaka 1993, vikiwa ghali. Leo vinauzwa katika maduka mengi ya vifaa vya ujenzi.

Cha pili kinafanana na darubini ndogo ya jicho moja. Wawindaji na wacheza gofu hukitumia kujua umbali wa mamia ya mita. Mwanga wake hauonekani kwa macho. Kosa lake la kawaida ni kama mita moja au nusu yake. Kinafaa kukisia umbali wa kilima, lakini ukikitumia kupima chumba cha duka umejitafutia hasara.

Cha tatu ni kile cha kumtega mnunuzi. Kina nukta nyekundu kama cha kwanza, lakini nukta hiyo ni ya kuonyesha tu mahali kilipoelekezwa. Kipimo chenyewe kinatumia sauti isiyosikika, na sauti hutawanyika kama mwanga wa kurunzi. Ukikielekeza kwenye ubao ulio nyuma ya gunia, kinaweza kupima gunia. Kabla ya kununua, soma maandishi ya kifaa au mwambie muuzaji apime kupitia upenyo mwembamba, kwa mfano mlango ulioachwa wazi kidogo. Kama tarakimu zinarukaruka au zinasimama mlangoni wakati nukta iko ukutani mbali, hicho si cha leza.

Programu za simu zinazopima kwa kamera nazo zina matumizi yake, ila si mahali pa malipo.

Kitako au mdomo?

Kosa linalogharimu kuliko yote ni dogo kulieleza. Kifaa kina urefu wake, mara nyingi kati ya sentimita 10 na 12. Ukibonyeza kitufe, kinahesabu kutoka wapi: kutoka kitakoni, upande ulio karibu nawe, au kutoka mdomoni, pale mwanga unapotokea? Vingi, vikiwashwa, huanza na kitako, na kwenye kioo kuna mchoro mdogo unaoonyesha hivyo. Kitufe kimoja tu kinabadilisha. Anayebadilisha leo na kusahau atapima vibaya kesho.

Chukua mfano wa Fuso la mchanga. Ndani ya bodi urefu ni mita 4.20, upana mita 2.10, na kina mita 0.60. Ujazo wake ni mita za ujazo 5.29. Sasa mpimaji ameweka kifaa chenye urefu wa sentimita 11 kikihesabu kutoka kitakoni, lakini yeye analinganisha mdomo na ukingo wa bodi. Kila kipimo kinaongezeka sentimita 11: urefu unasomeka 4.31, upana 2.21, kina 0.71. Zidisha, utapata mita za ujazo 6.76.

Mnunuzi analipia karibu mita moja na nusu ya mchanga ambao haupo. Ni zaidi ya robo ya mzigo. Hakuna aliyeiba kwa koleo, na kifaa hakijaharibika. Kimejibu swali aliloulizwa. Angalia pia kwamba sentimita 11 kwenye urefu wa mita nne hazionekani sana, bali kwenye kina cha sentimita 60 zinakula mkate wa mtu. Kadiri kipimo kinavyokuwa kifupi, ndivyo kosa la kitako na mdomo linavyouma.

Kosa likigeuka, muuzaji ndiye anayeumia. Ghala la mita 6 kwa 4 lina mita za mraba 24. Kifaa kikiwa kimewekwa kuhesabu kutoka mdomoni huku kitako ndicho kinachogusa ukuta, kitasoma 5.89 na 3.89, yaani mita za mraba 22.91. Mwenye ghala anayepangisha kwa mita ya mraba amepoteza zaidi ya mita moja kila mwezi, mwaka mzima.

Njia salama ya kupima bodi ni hii. Pima likiwa tupu, kabla ya kupakia. Kwa urefu na upana, kandamiza kitako kwenye ubao mmoja na uelekeze nukta kwenye ubao wa pili. Kwa kina, laza ubao ulionyooka juu ya kingo mbili, simamisha kifaa sakafuni kikiangalia juu, na kitako kiguse sakafu. Rudia kila kipimo mara tatu katika sehemu tofauti, kwa sababu bodi lililogongwa halina pembe za mraba. Tumia wastani.

Na jambo la kuondoa ugomvi usio wa lazima: mchanga wenye unyevunyevu huvimba. Ujazo wake unaweza kuzidi ule wa mchanga mkavu kwa asilimia 20 au zaidi, na mtikisiko wa njia huushindilia. Lori lililojaa hadi ukingoni lilipoondoka linaweza kufika limeshuka bila mtu kugusa kitu. Andikeni kwenye makubaliano kama ujazo ni wa mahali pa kupakia au pa kushusha.

Kijaribu kabla hujakiamini

Mtihani wa kwanza ni wa tepu. Tandika tepu nzuri ya chuma, weka alama mbili zilizo mbali mita 3 kamili, kisha pima kwa leza. Tofauti ya milimita mbili tatu ni ya kawaida. Tofauti ya sentimita 10 au 11 ni kitako na mdomo. Tofauti nyingine yoyote kubwa, kipeleke kwa fundi au kirudishe dukani.

Mtihani wa pili hauhitaji tepu. Weka alama tatu kwenye mstari mmoja ulionyooka. Tuziite A, B na C. Pima A hadi B, halafu B hadi C, halafu A hadi C moja kwa moja, ukishika kifaa kwa namna ileile kila mara. Vipimo viwili vya kwanza vikijumlishwa lazima vilingane na cha tatu. Tuseme kifaa kimesoma 4.11, kisha 6.11, halafu 10.11. Jumla ya viwili vya kwanza ni 10.22. Kinachozidi ni sentimita 11, na hilo ndilo kosa linaloongezwa kwenye kila kipimo. Mtihani huu unaweza kufanyika mbele ya mteja kwa dakika tano, na wote wawili mkaona.

Kumbuka kwamba tarakimu tatu baada ya nukta si kiapo cha ukweli. Kifaa kinaweza kuandika 4.203 huku kimeshikwa kwa mkono unaotetemeka na kimeinama. Kipimo cha kweli ni kilichonyooka. Vifaa vingi vina namna ya kupima mfululizo: unazungusha nukta taratibu ukutani na kifaa kinahifadhi umbali mfupi kuliko wote. Huo mfupi ndio ulionyooka. Mwingine wote umepita mshazari.

Mawe meusi, ukungu na mteremko

Mazingira ya Busasamana yana mitego yake. Kuta nyingi hapa hujengwa kwa mawe ya volkano, meusi na yenye vitundu. Rangi nyeusi hunywa mwanga, na vitundu huutawanya, kwa hiyo kifaa kinachofika mita 40 kwenye ukuta mweupe kinaweza kushindwa mapema zaidi kwenye jiwe la lava. Tiba ni rahisi: bandika kipande cha karatasi nyeupe au ubao mwepesi pale unapolenga. Lakini unene wa ubao huo uuhesabu.

Asubuhi ukungu hushuka kutoka milimani. Matone yake yanarudisha mwanga kabla haujafika ukutani, na kipimo kinaweza kutoka kifupi au kikaandika alama ya kosa. Mvua na vumbi la mchanga unaomwagwa hufanya vilevile. Subiri. Mchana wa jua kali tatizo ni lingine: nukta nyekundu haionekani. Usikisie imeangukia wapi. Tumia ubao wa kulengea, au pima asubuhi na jioni, au weka kivuli.

Kioo na maji ni wasaliti. Mwanga hupenya kioo ukapima kilicho nyuma yake, au ukateleza kwenye uso wake na kwenda kwingine. Mfanyabiashara anayeagiza vioo apime fremu, asipime kioo kilichopo; na aweke karatasi pale panapong'aa. Mabati mapya nayo hung'aa hivyohivyo.

Halafu kuna mteremko. Ukipima mita 50 ukifuata kilima chenye mwinuko wa nyuzi 20, umbali wa ulalo, ule unaohesabiwa kwenye ramani, ni mita 46.98 tu. Zaidi ya mita tatu zimemezwa na kilima. Anayenunua waya wa uzio anahitaji ule mrefu, kwa kuwa uzio unafuata ardhi. Anayepiga hesabu ya eneo la shamba anahitaji ule wa ulalo. Baadhi ya vifaa vina kihisi cha mwinamo na vinatoa vipimo vyote viwili kwa pamoja. Kabla ya kuandika namba, hakikisha ni ipi kati ya hizo mbili.

Mkato si nukta, na futi si mita

Kongo ilitia saini kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022 na ikawa mwanachama kamili Julai mwaka huo. Soko limepanuka, na tabia za kuandika namba zimekutana. Aliyesoma kwa Kifaransa huandika mita tano na sentimita 29 hivi: 5,29. Aliyesoma kwa Kiingereza au Kiswahili huandika 5.29. Ugomvi unaanza kwenye tarakimu tatu. Kwa mmoja, 5,292 ni mita tano na kidogo. Kwa mwingine ni elfu tano mia mbili tisini na mbili. Kwenye oda inayotumwa kwa simu, andika kwa maneno kando ya tarakimu, au andika kwa sentimita ambazo hazina mkato wala nukta.

Kuna futi pia. Kenya, Uganda na Tanzania, mbao huuzwa sana kwa futi na inchi. Waliozoea mfumo wa Kifaransa huhesabu kwa mita na sentimita. Ubao wa futi 12 una mita 3.66. Aliyeagiza mbao 100 za mita 4 akaletewa za futi 12 amepungukiwa sentimita 34 kwenye kila ubao, jumla mita 34. Mita ya leza inaweza kuwekwa kwenye mfumo wowote, na mara nyingine hubadilishwa kwa kitufe kilichobonyezwa mfukoni kwa bahati mbaya. Angalia herufi iliyo kando ya tarakimu kabla ya kusoma tarakimu yenyewe.

Macho yako na ya wenzako

Mita nyingi za ujenzi zina leza ya daraja la 2, isiyozidi miliwati moja. Hiyo si salama kwa kila hali. Ni salama kwa sababu jicho la binadamu hufumba lenyewe ndani ya robo ya sekunde likipigwa na mwanga mkali. Anayejilazimisha kuukodolea macho ameivunja kinga hiyo. Usiutazame mwanga kutoka mdomoni mwa kifaa, usiuangalie kwa darubini, na usiwape watoto wachezee. Usiuelekeze kwenye kioo usawa wa macho. Pima juu ya usawa wa uso au chini yake. Kamwe usiuelekeze barabarani: dereva au mwendesha pikipiki aliyepofushwa kwa nusu sekunde ameshapita mita kadhaa bila kuona.

Soma kibandiko. Kama kimeandikwa daraja la 3 au zaidi, au hakuna kibandiko kabisa, kiache dukani. Cha aina ya darubini kina tahadhari yake: usikielekeze kwenye jua ukiwa unachungulia, kwa kuwa lenzi hukusanya mwanga wa jua na kuuunguza moyo wa jicho.

Kwa watu wa mpakani kuna tahadhari nyingine ambayo haimo kwenye karatasi ya maelekezo. Majeshi hutumia vipima umbali vya leza kulenga, na nukta nyekundu hufanana na ile ya bunduki. Katika eneo lililosikia milio mara nyingi kama hili, askari akiona nukta ikitembea kifuani mwake au kwenye kituo chake hataanza kwa kuuliza kama unapima ghala. Usikielekeze upande wa mpaka, kwenye kituo cha askari, kwa watu wala kwa ndege. Usipime karibu na mstari wa nchi usiku. Kama kazi yako iko karibu na mpaka, kwanza waarifu viongozi wa mahali na walinzi walioko zamu, waonyeshe kifaa, uwaeleze unachopima. Kile cha aina ya darubini, kiache nyumbani unapovuka. Kukieleza ni kazi kuliko kukinunua.

Shamba lina sheria yake

Wapo wanaojaribiwa kupima mipaka ya shamba kwa mita ya leza, hasa wakati wa kununua. Ni vizuri kujua unachonunua, ila ujue ukomo wa kifaa chako. Kati ya 2009 na 2013, Rwanda iliandikisha zaidi ya viwanja milioni 10, kwa sehemu kubwa kwa kutumia picha za angani huku majirani wakionyesha mipaka yao. Kazi hiyo kubwa iliweka mipaka ya jumla, haikupima kila kona kwa sentimita. Kwa hiyo mita yako ikitofautiana na hati kidogo, hujagundua wizi. Mpaka wa shamba haubadilishwi na nukta nyekundu. Hubadilishwa na mpimaji aliyeidhinishwa, mbele ya majirani, na kuandikishwa kwenye ofisi ya ardhi. Mwenye shaka aanzie huko, asianzie kwenye kung'oa alama ya jirani.

Pimeni pamoja

Jumuiya ina sheria yake ya mwaka 2006 kuhusu viwango, ubora na vipimo, na kila nchi ina taasisi ya kuusimamia ukweli wa vipimo: Bodi ya Viwango hapa Rwanda, Wakala wa Vipimo Tanzania. Lakini wakaguzi hawawezi kusimama kwenye kila lori. Pale mzigo unaposhushwa wapo wawili tu, anayelipa na anayelipwa.

Kwa hao wawili utaratibu mfupi unatosha. Kabla ya kupima, mkubaliane kifaa kinaanzia kitakoni, na mtaje mfumo: mita au futi. Mkifanyie mtihani wa alama tatu au wa tepu, mkiwa wote mnaona. Mmoja apime na mwingine asome, kisha mbadilishane. Tofauti ikizidi sentimita moja kwenye kipimo cha mita chache, rudieni. Andikeni tarehe, vipimo vitatu vya kila upande na ujazo, wote muweke saini, na kila mmoja apige picha ya karatasi kwa simu yake. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la siku hizi linaingia mfukoni.

Kwenye vilima vya juu ya Busasamana, serikali mbili bado zinahitaji nguzo ambazo kila upande unazikubali. Mfanyabiashara na mteja wake hawana haja ya kusubiri mkutano wa mataifa. Nguzo yao ni ukingo wa bodi, na wanaweza kuikubali kabla mchanga haujamwagwa.